Abu Rayhan al-Biruni: Mwanachuoni Aliyekitafuta Kitabu cha Siri Zaidi ya Miaka Arubaini

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji, ni desturi ya darsa yetu kueleza maisha ya wakubwa waliotutangulia. Hatufanyi hivyo ili kujifakhiri kwa waliokufa, bali ili sisi tulio hai tujipime nao. Mara hii tumemchagua Abu Rayhan al-Biruni, na sababu ya kumchagua yeye ni neno moja lililotapakaa katika miji yetu ya pwani mpaka likafika bara.

Neno lenyewe ni hili: ati Wakristo wa kale walikuwa na injili nyingi za siri, ati ndani ya injili hizo Nabii Isa (a.s.) ametajwa kama tumtajavyo sisi, na ati mfalme wa Rumi, Constantine, aliwakusanya maaskofu katika Baraza la Nicaea mwaka 325, wakazipiga marufuku injili hizo na wakachagua nne walizozipenda. Neno hili laanzia katika riwaya na sinema za Ulaya na Marekani. Riwaya ya Dan Brown iitwayo The Da Vinci Code ilitoka mwaka 2003, na sinema yake mwaka 2006, nazo zililitangaza kuliko kitabu chochote cha ilimu. Kisha laingia magazetini, lapita katika simu za mkononi, na mwisho wake lapanda jukwaani kwenye mihadhara likasemwa kama kwamba ni ilimu iliyothibiti.

Basi na tumtazame Muislamu wa pwani aliyepelekwa na kazi au biashara mpaka Itumbe, katika vilima vya Kisii, nchi ya majani ya chai na migomba. Majirani zake wote takriban ni Wakristo, wengi wao Waadventista wa Sabato na Wakatoliki, na makanisa hayo yamekaa Kisii tangu miaka ya 1910. Miongoni mwao wamo wazee waijuao Biblia yao sura kwa sura. Muislamu huyu akiwaambia kuwa Biblia ilichaguliwa Nicaea kwa kura, na mzee mmoja akamwuliza kwa upole ni kanuni ya ngapi, katika zile kanuni 20 za baraza hilo, iliyosema hivyo, atajibu nini? Hana la kujibu, kwa kuwa kanuni hiyo haipo. Wala aibu hiyo haitamwishia yeye peke yake. Kesho akiwaeleza habari ya Tauhidi, ambayo ni haki isiyo na shaka, watamsikiliza kwa sikio lile lile walilomsikilizia jana.

Hili ndilo jambo lililotufanya tumkumbuke al-Biruni. Yeye alizikuta injili za namna hizi miaka elfu moja iliyopita, na alitufundisha kwa vitendo namna Muislamu apasavyo kuamiliana nazo.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Jina lake ni Muhammad bin Ahmad, na kuniya yake ni Abu Rayhan. Alizaliwa mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka 362 wa Hijra, yaani Septemba 973, pembezoni mwa mji wa Kath uliokuwa makao ya wafalme wa Khwarazm. Nchi hiyo leo imo katika Uzbekistan. Neno birun kwa Kiajemi lina maana ya nje, na kwa kuwa alizaliwa nje ya mji ndipo akaitwa al-Biruni.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa nyumba ya kifalme na bingwa wa hisabu na ilimu ya nyota. Kijana huyu alikuwa na akili kali na hamu isiyoshiba. Lakini alipofikilia umri wa miaka 22, mwaka 995, vita viliingia katika nchi yake. Jamaa ya mfalme aliyekuwa akiwalea wanavyuoni ikaondolewa, naye akakimbia. Alikaa Rayy katika ufakiri. Hata hivyo hakuacha kazi yake. Mwaka 997 alipatana na Abu al-Wafa aliyekuwa Baghdad waangalie kupatwa kwa mwezi usiku mmoja, kila mtu katika mji wake, ili kutokana na tafauti ya saa wapate kujua umbali wa miji yao kwa kipimo cha ardhi. Aliandikiana pia na Ibn Sina katika mas'ala ya maumbile, na hakuogopa kumpinga palipostahiki kupingwa.

Mambo haya yanajulikana na wengi, na watu wamsifupo al-Biruni humsifu kwa nyota na hisabu. Sisi twataka kuonyesha mlango wake mwingine usiofunguliwa mara nyingi.

KITABU CHAKE CHA KWANZA KIKUBWA

Mnamo mwaka 390 wa Hijra, uliowafikiana na mwaka 1000, al-Biruni alikuwa Gurgan, katika himaya ya Qabus bin Wushmgir. Huko alitunga kitabu kiitwacho al-Athar al-Baqiya, yaani athari zilizobaki za karne zilizopita, naye hajatimiza miaka 30. Ndani yake alikusanya kalenda na sikukuu za mataifa: Waajemi, Mayahudi, Wakristo, Wayunani, Wasughdi, Waarabu wa kabla ya Uislamu, na Waislamu.

Yatazame maelezo yake ya Wakristo. Hakuandika mambo ya kusikia mitaani. Alizipanga sikukuu za Wamalkani na za Wanestori kila moja mahali pake, hata akataja sikukuu ya mawaridi ya Wakristo wa kwao Khwarazm, waliokuwa wakipeleka mawaridi makanisani. Mtu hawezi kuyajua hayo kwa kukaa mbali na jirani yake. Hayajui ila aliyekwenda akamwuliza, na akayaandika kama alivyojibiwa.

Kisha akafika katika mlango wa Injili. Akaeleza kwamba Injili waliyonayo Wakristo imekusanywa na watu wane, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na kwamba baina yao pana khitilafu. Na hapa jambo lake ni la kuangaliwa sana. Hakusema tu kuwa zinakhitilafiana akapita. Alichukua nasaba ya Yusufu mchumba wa Mariamu katika Mathayo, akachukua na ile ya Luka, akaziweka mbele ya msomaji jina kwa jina, ili ajionee mwenyewe. Wala hakuishia hapo. Alieleza pia jawabu ya Wakristo wenyewe: kwamba katika sheria ya Taurati mtu akifa bila ya mtoto nduguye humwoa mjane wake, na mtoto atakayezaliwa huhesabiwa wa marehemu, basi yamkini mtu mmoja akawa na baba wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa sheria. Jawabu hiyo aliitaja kwa ukamilifu, hali yeye si Mkristo wala hailazimiki.

Huu ndio uadilifu. Ni mangapi leo tuyasemayo juu ya vitabu vya watu bila ya kujua wenyewe wameyajibu nini?

INJILI NYINGINE ALIZOZITAJA

Baada ya hizo nne, al-Biruni alisema kuwa ziko nyingine. Wafuasi wa Marcion wana injili yao, na wafuasi wa Ibn Daysan wana yao, nazo zinakhitilafu kwa sehemu na zile nne. Na wafuasi wa Mani wana injili iliyo kinyume kabisa na itikadi ya Wakristo tangu mwanzo wake hata mwisho, nao wadai kuwa hiyo ndiyo sahihi na kwamba nyingine zote ni batili.

Basi msomaji ajue kwamba habari ya injili zilizo nje ya nne haikuvumbuliwa na waandishi wa riwaya wala na magazeti ya leo. Maulamaa wetu walikuwa nayo, na waliiandika waziwazi.

Kisha akataja nyingine, na hii ndiyo ihusuyo zaidi maneno yetu. Yaitwa Injili ya Sabini, na yanasibishwa na mtu aitwaye Balamis. Mwanzoni mwake pameandikwa kwamba iliandikwa na Salam, mwana wa Abdallah bin Salam, kwa kuisikia kutoka kwa Salman al-Farisi. Twamjua Abdallah bin Salam, sahaba aliyekuwa mwanachuoni wa Mayahudi akasilimu. Twamjua Salman, sahaba aliyepita kwa watawa wa Kikristo kabla ya kumfikia Mtume (s.a.w.). Majina haya mawili yatosha kumlainisha Muislamu yeyote. Lau kitabu hicho kingepatikana leo, sauti ngapi zingekitangaza jukwaani?

Lakini al-Biruni hakudanganyika na majina. Alisema kwamba mwenye kukitazama kitabu hicho hatakosa kujua kuwa ni cha kuzuliwa, wala hakikubaliwi na Wakristo wala na wengineo. Alikuwa kijana wa miaka 27, amekuta kitabu kilichovishwa nguo za Kiislamu na ambacho kingemfaa katika kuwajadili Wakristo, naye akakitupa kwa sababu moja tu: si cha kweli.

KITABU CHA SIRI

Sasa na tueleze lile lililotupatia anwani ya makala hii. Mani alizaliwa Babil mwaka 216 baada ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Alidai utume, akadai kuwa yeye ndiye Farqalit aliyebashiriwa na Masihi, na kwamba yeye ndiye khatamu wa mitume. Alifundisha kuwa ulimwengu una asili mbili, nuru na giza, na kwamba kiwiliwili na ardhi ni katika kazi ya giza. Alikufa mikononi mwa mfalme Bahram wa Kwanza wa Uajemi, lakini dini yake ilienea mpaka China upande wa mashariki na mpaka Afrika ya Kaskazini upande wa magharibi. Wanavyuoni wa leo huihesabu pamoja na madhehebu ya Wagnostiki, yaani watu waliodai kuwa wokovu hupatikana kwa maarifa ya siri yanayopewa wachache tu.

Katika ujana wake al-Biruni alisoma kitabu cha tabibu mashuhuri Muhammad bin Zakariya al-Razi, akaona ndani yake ametajwa Mani na vitabu vyake, khasa kile kiitwacho Sifr al-Asrar, yaani kitabu cha siri. Hamu ikamshika. Angeweza kufanya kama wafanyavyo wengi, akachukua maneno ya al-Razi akayanakili, au akachukua maneno ya wapinzani wa Mani akayanakili. Hakufanya hili wala lile. Alikitafuta kitabu chenyewe zaidi ya miaka 40.

Katika miaka hiyo alirudi kwao Khwarazm akawa mshauri wa mfalme. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna akaiteka nchi, na al-Biruni akachukuliwa Ghazna pamoja na wanavyuoni wenziwe. Falme zilisimama na kuanguka, naye angali akiulizia kitabu kile.

Hatimaye mjumbe mmoja akamletea mkusanyo wa vitabu, na ndani yake mkawa na vitabu vya Mani: Kitabu cha Majitu, Injili yake, Shaburqan, barua zake kadha wa kadha, na pamoja navyo Sifr al-Asrar. Al-Biruni mwenyewe aeleza, katika risala aliyoiandika mwaka 427 wa Hijra juu ya vitabu vya al-Razi, kwamba furaha yake ilikuwa kama ya mwenye kiu aonaye mazigazi akadhani ni maji, na huzuni yake baadaye ikawa kama ya mtu huyo afikapo mahali pale asikute kitu. Akaikumbuka aya ya Sura ya Nur imhusuyo asiyejaaliwa nuru na Mola wake. Kisha akakifupisha kitabu kile, ili mwenye maradhi kama yake ayasome na apone upesi kuliko alivyopona yeye.

Natija ya utafutaji wake ni kwamba siri haikuwa na kitu ndani yake. Lakini hakulisema hilo ila baada ya kusoma. Aliyekataa bila ya kusoma na aliyesifu bila ya kusoma, wote wawili ni sawa. Khitilafu yao ni ya ulimi tu.

NJIA YAKE KATIKA DINI ZA WATU

Tabia hii aliiendeleza India. Alipofuatana na safari za Sultani Mahmud, wengine walitafuta dhahabu, naye alitafuta walimu. Alijifunza Kisanskriti katika utu uzima, lugha aliyoiona ni ngumu mno, akafasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu, na mnamo mwaka 1030 akamaliza kitabu chake kikubwa juu ya India. Katika utangulizi wake aeleza mazungumzo yake na Abu Sahl al-Tiflisi, waliposikitika kwamba vitabu vingi vya habari za dini vimejaa mambo yaliyonakiliwa kitabu kwa kitabu, hali mwandishi hakuwauliza wenyewe, na kwamba hata Waislamu kwa Waislamu husingiziana katika mas'ala ya itikadi. Al-Biruni akaahidi kuyaeleza maneno ya Wahindi kama wayasemavyo wao, kisha msomaji ahukumu.

Katika safari hizo ndipo, katika ngome ya Nandana huko Punjab, alipoupima mzunguko wa ardhi kwa kilima kimoja na chombo cha kupimia. Aliipima ardhi kwa jicho lake, na dini za watu pia alizipima kwa jicho lake, si kwa uvumi.

ANGEZISOMA INJILI ZA LEO ANGESEMA NINI?

Mwaka 1945 wakulima wa Misri ya juu, karibu na Nag Hammadi, walichimbua mtungi wenye vitabu vya mafunjo. Ni vitabu 13 vyenye maandiko zaidi ya 50 kwa Kikopti, vilivyonakiliwa katika karne ya 4. Mengi katika hayo ni ya Wagnostiki. Leo yamo katika Makumbusho ya Kikopti mjini Cairo, na tangu mwaka 1977 yalitolewa yote kwa Kiingereza. Hayakufichwa na mtu. Mwenye kutaka asome. Nasi tumfuate al-Biruni, tuyasome kabla ya kuyasifu.

Kwanza, wasema kuwa injili hizo zamfanya Nabii Isa (a.s.) mwanadamu mtupu. Sivyo. Kwa Wagnostiki wengi Masihi ni kiumbe cha mbinguni aliyeshuka, na wako waliosema kuwa mwili wake haukuwa mwili wa kweli. Hapa mpotevu wa riwaya na mpotevu wa mhadhara wamekosea pamoja.

Pili, wako wapendao kutaja kitabu kimoja cha Nag Hammadi kinachonasibishwa na Seth Mkuu, kwa kuwa kinasema kuwa aliyechukua msalaba alikuwa mtu mwingine, Simoni. Lakini wasome kurasa zinazofuata. Katika kitabu hicho hicho Adamu, Ibrahimu, Musa, Daudi na Suleimani wote wafanywa kichekesho. Ni Muislamu gani atakayemleta shahidi awatukanaye mitume?

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kitabu kiitwacho Siri ya Yohana chasema kuwa muumba wa ulimwengu huu ni kiumbe duni, mjinga, na kwamba aliposema hapana mungu mwingine ila yeye, alisema kwa ujinga wake. Ndugu zangu, neno la Tauhidi, ambalo ndilo roho ya dini yetu, limegeuzwa humo kuwa majivuno ya mjinga. Hivi ndivyo vitabu ambavyo baadhi yetu twasikitika kwamba vilifichwa!

Ama Nicaea, baraza hilo lilikaa kwa sababu ya Arius na mafundisho yake juu ya Masihi, na kwa sababu ya tarehe ya Pasaka. Halikuchagua vitabu. Irenaeus, askofu wa Lyon, alikuwa amekwisha kushikilia zile injili nne mnamo mwaka 180, zaidi ya miaka 140 kabla ya Nicaea. Na orodha ya vitabu 27 kama ilivyo leo yaonekana katika barua ya Athanasius wa Alexandria ya mwaka 367, miaka 42 baada ya Nicaea. Wakristo walikhitilafiana kwa muda mrefu katika baadhi ya vitabu, na hilo ni kweli litoshalo kusemwa. Hapana haja ya kulitilia chumvi.

Na mwenye kuona kwamba wasomi wa Ulaya hawakosei, akumbuke kipande cha mafunjo kilichotangazwa mwaka 2012 na profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, ati chamtaja mke wa Nabii Isa. Magazeti ya dunia yalipiga mbiu. Mwaka 2016 profesa huyo mwenyewe alikiri kwamba yaelekea ni cha kughushi. Mbiu ya kwanza ilisikiwa na wote, ya pili ilisikiwa na wachache.

INJILI YA BARNABA

Imebaki Injili ya Barnaba, ambayo kwetu ndiyo Injili ya Sabini ya zama hizi. Tafsiri yake ya Kiarabu ilifanywa na Daktari Khalil Saada, naye ni Mkristo, ikachapishwa Cairo mwaka 1908 na Sayyid Muhammad Rashid Rida katika matbaa ya al-Manar. Gazeti la al-Manar ndilo alilolisoma Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, na nuru yake ilifika pwani yetu. Twalipenda na twaliheshimu. Lakini mapenzi hayatuzuii kuisema haki, na Rashid Rida mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuacha kufuata mtu bila ya dalili.

Injili hii si ya Wagnostiki, wala haikukutwa Nag Hammadi. Nakala yake ya Kiitaliano iliyoko Vienna ni ya karne ya 16 hivi. Ndani yake mwaka wa yubile waja kila miaka 100, hali Taurati yasema miaka 50, na yubile ya miaka 100 iliwekwa na Papa Boniface wa Nane mwaka 1300. Hayo ni ya tarikh. Lakini na tuipime kwa Kurani yetu. Kurani yamwita Nabii Isa Masihi mara nyingi. Injili ya Barnaba yamfanya akane kuwa yeye ndiye Masihi. Kurani yataja uchungu wa uzazi uliomshika Bibi Mariamu chini ya mtende. Injili ya Barnaba yasema alizaa bila ya uchungu. Basi mwenye kuisadiki hii yampasa aikadhibishe ile. Je, ndiyo nusura tuliyoitaka?

Lau mtu ana haki yake mbele ya kadhi, na hati yake ni safi, kisha akaleta shahidi wa uongo ili kuizidishia nguvu, amejidhuru nafsi yake. Kadhi akimgundua shahidi huyo, ataitilia shaka hata hati. Imani yetu kwamba Nabii Isa (a.s.) ni mtume, na kwamba aliteremshiwa Injili na Mola wake, tumeipata katika Kurani. Haikumngojea mkulima wa Nag Hammadi, wala haitapungua kwa kumkosa. Na Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya Hujurat, ndiyo iliyotuamuru kuihakiki khabari kabla ya kuifuata.

Kwa hiyo Muislamu aliyeko Itumbe, akiulizwa na jirani yake, na amjibu kwa alijualo. Azisome injili nne kama al-Biruni alivyozisoma, aulize juu ya nasaba mbili kama alivyouliza, na aisikilize jawabu kama alivyoisikiliza. Asilolijua aseme hajui. Neno hilo halikumpunguzia daraja imamu yeyote.

KUFA KWAKE

Al-Biruni aliishi Ghazna mpaka uzeeni. Alipoutungia mfalme Masud, mwana wa Mahmud, kitabu cha nyota kiitwacho al-Qanun al-Masudi, husimuliwa kwamba aliletewa fedha mzigo wa tembo, akairudisha kwa kuwa hakuihitajia. Katika ile risala ya mwaka 427 alihesabu vitabu vyake, vikazidi 100. Alikufa Ghazna, na tarehe ielezwayo na wengi ni mwaka 440 wa Hijra, yaani 1048.

Yaqut, mwenye tarikh za watu wa fasihi, amesimulia kwamba mwanachuoni wa fiqhi al-Walwaliji aliingia kumzuru hali pumzi zinamwishia. Al-Biruni akamwuliza juu ya mas'ala moja ya mirathi, ihusuyo mabibi wa upande wa mama, waliyokuwa wameizungumza siku iliyopita. Mgeni akamwonea huruma, akastaajabu kuwa mtu aulize hayo katika hali ile. Al-Biruni akamjibu kuwa kuiaga dunia naye aijua mas'ala ile ni bora kuliko kuiaga naye haijui. Akaelezwa, akaihifadhi, akairudia kwa ulimi wake. Mgeni akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio ndani ya nyumba.

Mtu huyu alikuwa akitafuta yakini ya mas'ala moja saa ya kufa, na alitafuta kitabu kimoja miaka 40 asije akakisema kwa dhana. Sisi khabari hutufikia kwa simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri tumewafikishia watu mia. Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Rayhan, na atujaalie kuwa wakweli katika yale tuyasemayo juu ya dini yetu na juu ya dini za wenzetu. Amin.